Hundi ya Dola Arobaini na Saba

Imefika leo, katikati ya bili ya gesi na tangazo la mbolea,
bahasha ya jimbo, yenye kidirisha,
jina langu likichungulia kama mtoto aliyefungiwa ndani:
Bi. Verna Oestreich, Barabara ya Tatu, Brannock.
Dola arobaini na saba, senti kumi na mbili.
Ziada, wanasema. Fedha iliyovuka mstari.
Katiba imeamuru irudi kwa mwenyewe.

Mwenyewe ndiye mimi.

Naukumbuka mwaka tulioupiga mstari ule.
Novemba, theluji ya kwanza juu ya mabua ya mahindi,
tukapanga foleni katika ukumbi wa zimamoto,
buti zetu zikivuja maji sakafuni.
Marehemu Delbert, kofia mkononi kama yuko kanisani,
akaninong'oneza: serikali ni mgeni ajipakuliaye.
Usipomshikia upawa
atakula hadi mbegu.
Mwaka ule tulikuwa tumeuza ng'ombe kumi na mmoja
kulipia kodi ya ardhi
isiyotupa hata magugu.
Nikatia alama kwenye Ndiyo, nikaikandamiza kalamu
mpaka karatasi ikatoboka.

Sijutii kura ile. Niseme hilo kwanza.
(Au niseme: sijajua bado.)

Kipimo chenyewe hakina uchawi:
watu wameongezeka wangapi,
bei zimepanda kiasi gani,
jumlisha, hapo ndipo ukomo wa matumizi.
Ikizidi senti, wakaombe kura.
Aliyeishona nguo hii alikuwa fundi mwaminifu,
ila alitupima mwaka wa njaa
akaenda zake na utepe.
Na sisi wa Brannock hatukuongezeka.
Tulipungua, tukazeeka,
na mzee mmoja hunywa dawa za vijana kumi.

Daraja limefungwa tangu Machi.
Mapipa mawili ya rangi ya chungwa, ubao,
na taa inayokonyeza usiku kucha, haina inayemkonyeza.
Dada yangu Ilse yuko ng'ambo.
Zilikuwa dakika nne. Sasa ni maili thelathini na moja za kuzunguka.
Jumapili tunasimama, yeye kule, mimi huku,
tunapungiana mikono kama watu wa nchi mbili
ambazo hazikupigana vita yoyote.

Alikuja kijana wa barabara, Rudy Archuleta,
kupima nyufa. Nikampa kahawa.
Fedha ziko wapi? nikamwuliza.
Akaupuliza mvuke wa kikombe.
"Zipo, mama. Ndilo tatizo. Zimezidi.
Tukizigusa, tumevunja katiba."

Wahenga walituonya juu ya mali bila daftari.
Hawakusema tufanyeje
tukibaki na daftari bila daraja.

Usiku nimepiga hesabu nyuma ya bahasha.
Tuko mia sita na wanane.
Hundi zetu zote, tukizichanga, ni elfu ishirini na nane na ushei.
Nguzo moja tu, alisema Rudy, yataka mara kumi ya hizo.
Kwa hiyo hata tukiwa wakarimu hatuvuki.
Labda wa mjini watujengee, wao na taa zao nyingi.
Lakini shule yao ilipotaka paa, miaka sita iliyopita,
wakaja kutuomba kura,
Brannock nzima tuliwaambia Hapana.
Nami nilikuwamo. Nilikuwa hata na beji.

Delbert, upawa tuliuficha vizuri sana.

Hundi nimeiweka chini ya kopo la sukari.
Imeandikwa: itumike ndani ya siku tisini.
Tawi la benki la hapa walilifunga zamani,
lililobaki liko ng'ambo,
mkabala na nyumba ya Ilse,
na petroli ya kwenda na kurudi
sijaipigia hesabu.
Naogopa jibu litakuwa dogo kuliko hasira yangu.