Pigo la Nane

Upande wa pili una wimbo mmoja tu,
dakika kumi na tisa na kitu,
na mjomba Ampelio husema hicho kitu ndicho kilichokula hela.

Savona, sabini na tatu. Chini wanaziba matairi,
juu, katika chumba kinachonuka mpira, wako wanne:
Gavino wa besi, Msardinia mchache wa maneno,
nusu ya kidole kaiacha karakana ya meli;
Iolanda wa filimbi, asubuhi mwalimu wa hesabu;
Teseo na kinanda chake cha kanda,
mnyama mzito mwenye kwaya tumboni,
ambaye kila Novemba unyevu ulimshusha sauti
na wenzake wakashuka naye, taratibu,
kama wamfuatao mlevi ngazini asianguke.
Nyuma yao mjomba, ngoma tano,
akihesabu kwa taya.

Saba. Saba. Tena saba.
Hebu jaribu kutembea kwa saba:
mzunguko huu waanza na mguu wa kulia,
ujao na wa kushoto,
hufiki nyumbani kwa mguu uliotokea nao.

Jumapili alikuja kijana kutoka Turin,
daftari limejaa mapigo kama kundi la siafu.
Aliishika santuri kwa kingo, kwa viganja,
hivyo mjomba akampenda.
"Dakika ya kumi na moja, bwana,
saba inakuwa nane. Mara moja tu.
Mlikusudia nini?"
Alikuwa na majibu yake tayari: nane ni mlango,
nane ni wimbi linalochelewa.

Mjomba alifuta masizi ya boila mikononi.
"Kijiti kiliniponyoka."

Kilibiringika hadi ukutani. Kanda inazunguka,
studio imebaki saa moja ya kulipia.
Gavino akalisikia pengo kabla halijafunguka,
akaivuta noti kwa kile kidole nusu;
Teseo akalaza kiganja chote juu ya kwaya;
Iolanda, pumzi imemwishia,
akaipata nyingine, sijui wapi.
Pigo moja walilishika hivyo, hewani,
nami nikachomoa kijiti cha akiba kwenye buti,
tukaingia sote. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kwa hiyo ni kosa?" Penseli imesimama.

"Langu lilikuwa kosa," akasema mjomba.
Alifikiri kidogo. "Lao, hapana."

Akairudisha sindano.
Nilikuwa nimeusikia wimbo ule tangu utotoni,
ulikuwa kelele ya kuoshea vyombo.
Sasa nilisimama na sahani inayochuruzika
nikimngoja Gavino,
na alipolivuta lile pigo
mkono wa mjomba ulifunguka juu ya goti, mtupu,
ukafumba.

Kijana hakufuta kitu. Aliizungushia nane duara.
Mjomba akaniambia nimwongezee mgeni kahawa,
na nisithubutu kupunguza sauti.