Kilo Tatu na Robo

Mwalimu Nangumbula aliandika ubaoni:
jumlisha vyote, kisha gawa kwa idadi.
Chaki ikakatika kwenye "idadi".
Akaokota kipande, akamalizia na kipande.
"Huo ndio wastani," akasema,
"mkikutana nao njiani, salimianeni kwa mbali."

Saa nane mchana, chumba namba sita,
feni moja inazunguka, ya pili iko likizo.
Nje, upepo wa Shangani unapeperusha
karatasi za mtihani wa mwaka jana.
Mimi naandika tarehe. Tarehe naijua.

Muhula huohuo tukapewa mradi:
watu watano, programu moja, wiki kumi na nne.
Tukachagua korosho, maana ukikaa Mtwara mwezi wa kumi
korosho ndizo zinazokuchagua.
Programu ya kupokea uzito ghalani:
karani abonyeze, stakabadhi itoke,
mkulima asihesabiwe tena kwa kidole na mate.

Kwa wastani, kila mmoja wetu alifanya asilimia ishirini.
Kwa kweli, Sikudhani alifanya themanini,
usiku, kwa bando la buku na taa ya simu;
Chilumba kumi na tano;
Mwanahawa nne, na chai;
Dadi moja: alichagua rangi ya kitufe.
Mimi nilikuwa sifuri.
Sifuri haipunguzi jumla, nilijitetea.
"Inapunguza wastani," alisema Sikudhani
bila kuinua macho kwenye kioo.

Novemba tukapanda hadi Nanyamba kujaribu.
Magunia yamepangwa mpaka kugusa bati,
vumbi la maganda linawasha pua,
na mizani ya chuma ina mshale unaotetemeka
kama mtu anayetafuta neno.
(Shuleni mizani ilikuwa nane kwa nane,
na vina vyake. Hii haina kina.)
Sabini na mbili. Themanini na moja. Sitini na tisa.
Stakabadhi zinatoka, karani anacheka,
Sikudhani anauma kucha kwa furaha.

Kisha akafika Bi Somoe Mnalihinga
na fundo la kanga, si gunia.
Mshale ukainuka kidogo, ukafikiri, ukatulia:
tatu na robo.
Karani akaandika. Kioo kikawa chekundu:
THAMANI SI SAHIHI. JARIBU TENA.
Akajaribu tena. Korosho hazikuongezeka.

Chilumba akanong'ona: hiyo ni namba ya pembezoni,
kitabuni tunaruhusiwa kuitupa.
Nikamwangalia mwenye namba.
Alikuwa anaikunja kanga yake mara nne,
taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kukataliwa.
"Mikorosho yangu imebaki miwili," akasema,
wala hakuna aliyemuuliza,
"na mmoja umeshikwa na ubwiri unga."

Wastani wa siku ile, nilikokotoa baadaye,
ni sabini na moja nukta nne.
Katika foleni nzima hapakuwa na mtu
aliyeleta sabini na moja nukta nne.

Nikaomba kompyuta. Wenzangu wakatazamana.
Nikashuka chini, chini zaidi, hadi palipoandikwa:
uzito ukiwa pungufu ya kumi, kataa.
Nani aliandika? Hatukuulizana.
Kumi ilionekana namba yenye heshima zake.
Nikafuta.
Mashine ikakohoa, ikatoa karatasi.
Bi Somoe akaitazama mbele, akaigeuza nyuma,
nyuma hamna kitu,
akaifunga kwenye pindo palipokuwa na korosho.

Tulipata sabini na mbili, wote watano, sawasawa.
Kwenye ripoti, ukurasa wa mchango wa kila mwanakikundi,
mbele ya jina langu Sikudhani aliandika:
*amefuta mstari mmoja.*

Takwimu nilifaulu kwa taabu.
Swali la nne lilisema: ondoa thamani zilizopotoka,
kisha kokotoa wastani.
Nilikokotoa nazo zote.
Nikakatwa alama tatu. Robo wakaniachia.