Uzi Mweusi

Mwaka ule nguo hazikukauka.
Mvua ya Salalah si mvua ya kwetu:
haipigi bati, haina vishindo,
hukaa hewani kama pumzi ya mgonjwa,
na mashuka ya hospitali ya kambi
yaliota ukungu yakiwa juu ya kamba.

Niliajiriwa udobi kwa sababu mbili:
nilijua kusoma, na sikuwa na mtu.
"Zinjibariya," wakiniita, "pekua mifuko kwanza."
Kila karatasi, hata ya sigara,
iende mezani kwa Luteni Zahran.

Nimetoa mifukoni mwa wanaume
tende zilizoota manyoya,
jino,
picha ya mbuzi (nilicheka, Mungu anisamehe),
risasi moja iliyoviringwa kitambaa kama hirizi.

Kisha likaja shati lako.
Si la jeshi. La mlimani, la upande ule,
kaki iliyopauka, tundu moja chini ya kwapa,
dogo tu, tundu la kushoneka.
Mfukoni, karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne.
Nikaifungua kwa ncha ya kucha isije ikachanika.

*Mchele pishi mbili.*
*Sukari robo.*
*Mafuta ya taa.*
*Uzi mweusi, si ule unaokatika.*
*Bhanji mwambie deni nalikumbuka.*

Kiswahili.
Kwa penseli, kwa mkono wa mtu
aliyechapwa utotoni mpaka herufi zikanyooka.
Nikaipindua ndoo, nikakaa juu yake.
Miaka tisa sikuwa nimeliona neno *pishi* likiandikwa.

Bhanji wa Wete, duka lake njia ya bandarini,
mwenye makengeza, mizani yake
ikilalamikiwa na mji mzima
na mji mzima ukikopa kwake.
Sisi pia. Tuliondoka usiku,
na shilingi kumi na moja za Bhanji
zingali shingoni mwangu.

Luteni aliielekeza karatasi kwenye taa.
Pishi ni nini?
Kipimo.
Cha mizinga?
Cha mchele, bwana.
Uzi mweusi?
Wa kushonea.
Akaniangalia kama niliyemficha mtu uvunguni.
Na huyu Bhanji, ni nani?

Hapo nikasema uongo wangu wa pekee katika vita vile.
Nikasema: si mtu. Ni neno la kwetu, maana yake jirani.
Akaandika, polepole, kwa Kiarabu: jirani.

Kwa nini, mpaka leo sijui.
Bhanji alikuwa mbali, pengine ameshakufa,
hakuna ndege ya vita ambayo ingemfuata Wete.
Ila sikutaka jina lake lilale katika faili lile
baina ya hesabu ya mabomu na hesabu ya ngamia,
mtu ambaye kosa lake kubwa duniani
lilikuwa kidole kwenye mizani.

Wala sijui kama shati lilikuwa lako.
Vitani shati hurithiwa likiwa bado na joto.
Huenda uliandika ukiwa Aden, ukalisahau kwa rafiki,
naye rafiki akalipeleka mlimani.
Huenda u hai, una wajukuu, unalalamika magoti.
Huenda ni wewe yule mtoto wa mtaa wa nyuma
aliyekuwa akitumwa dukani
na kurudi amesahau nusu, akapigwa,
mpaka akajifunza kuandika.

Sasa naishi Ruwi. Mchele nanunua kwa kilo,
umefungwa kwenye plastiki, hauna jiwe hata moja.
Msichana wa kaunta hajui kukopesha.

Karatasi hawakunirudishia.
Shati nililifua mara mbili, maji ya pili yakatoka meupe,
na kabla halijapelekwa ghalani
nilikaa dirishani nikalishona lile tundu,
ijapokuwa hakuna aliyeniagiza,
ijapokuwa hakuna wa kulivaa.

Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweusi.
Ulikuwa ule unaokatika.