Moshi wa Tuyaara

Kando ya mto Lena, mwezi wa saba, usiku hauji.
Wanaokuja ni pange.

Tuyaara anavunja samadi kavu kwa goti,
anaipanga penye ua, anapuliza
mpaka moshi ulale chini kama mbwa.

Ng'ombe hawaitwi.
Wanajileta, machozi yakiwatiririka,
wanasukumana kuingia pale macho yanapowasha zaidi.
Kugas, mwenye chuchu iliyopasuka,
huingia wa kwanza, hutoka wa mwisho.

Jana ndoo haikufika nusu.
Shingoni damu ilikauka vitone vitone,
kama mtu aliyejaribu sindano akaghairi.

Keskil alituma dawa kutoka mjini,
chupa ya buluu, ya kumwagia mgongoni.
Ipo dirishani. Mama ameisoma mara mbili:
siku tatu maziwa yasinywewe.
Siku tatu!
Na kiangazi chenyewe ni kupepesa kope.

Anaongeza samadi.
Pange anatua kiganjani,
anamwacha aonje kidogo, ajue ladha,
halafu pa!
"Kwangu hakuna mkopo."

Upepo unageuka, moshi wote unamjia usoni.
Hasogei.
Kugas anamsogelea, wanalia pamoja.