Chupa za Usiku

Torgunn ananipa kalamu mbili, nyeusi na ya manjano.
"Maziwa ya usiku, nyeusi. Ya mchana, manjano.
Usichanganye, Risten. Maziwa yana saa ndani yake."
Nacheka. Mchana gani?
Tromsø imejifunika gubigubi tangu mwisho wa Novemba;
saa sita za adhuhuri ni usamawati kidogo juu ya mlima,
kama maji yaliyosuuzia brashi ya rangi,
kisha giza linarudi kuketi palepale lilipoinuka.

Nawe umo kwenye kisanduku chako cha joto,
njiti wangu, kilo moja na gramu mia mbili.
Saa moja jioni wanakifunika kwa kitambaa cha maua
alichokishona mtu nisiyemjua.
Saa moja asubuhi wanakifunua.
Basi hiyo ndiyo siku yako.

Tumboni hukuwa na haja nayo.
Usiku wangu ulikufikia kupitia kondo,
homoni tone kwa tone: sasa, sasa, lala.
Nilipokula uliarifiwa. Nilipoamka uliarifiwa.
Ukatoka wiki kumi kabla,
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake,
na mwenye saa amebaki ndani ya gari.

Torgunn anachora ubongo nyuma ya fomu ya dawa.
Hapa, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana,
anaweka nukta mbili. Chenga mbili za mchele.
"Seli zimo, maelfu, na kila moja inajua kupiga.
Ila bado hazijasikilizana."
Nawawazia wanakwaya wanaopasha koo,
kila mmoja na wimbo wake, mwalimu hajafika.

Anaendelea, maana zamu ni ndefu na mimi ninauliza:
jeni inaagiza protini, protini inajazana, inajazana,
mpaka inarudi kwenye mlango ilikoagizwa na kuufunga.
Inachakaa. Mlango unafunguka. Inaagizwa tena.
Kwenda na kurudi huko ni siku nzima
na dakika kadhaa za nyongeza.
"Dakika hizo, jua huzipunguza kila asubuhi."
Na kama jua halipo?
Anaitazama taa ya dari.
"Basi sisi."

Babu yako Ánte amefika kutoka Kautokeino,
koti lake linanuka moshi, kofia ameikumbatia.
Anasema kulungu wa theluji, miezi hii, hawaulizi saa:
wanakula, wanalala, wanacheua, wanakula,
hakuna asubuhi, na hakuna anayekufa kwa kuikosa.
"Mwacheni naye awe kulungu mpaka jua lirudi."
Torgunn hacheki.
"Kulungu ana mwaka wake. Huyu anatafuta siku."

Saa tisa usiku nakamua maziwa, macho yamejaa mchanga.
Tumbo langu linadai chakula cha jioni, miguu inadai asubuhi,
kila kiungo kimeshika saa yake na hakitaki suluhu.
Nikaandika kwa kalamu ya manjano.
Niligundua kesho yake, chupa tupu mkononi,
nawe umelala mchana kutwa kama jiwe la mtoni.
Huenda ilikuwa chupa ile. Huenda ulichoka tu.
Sikumwambia Torgunn.
Nakwambia wewe, ambaye hutakumbuka.

Leo Januari ishirini na moja, tuko nyumbani.
Mji mzima unakula maandazi ya jua, jamu inavuja vidoleni,
watu wamepanga foleni ya macho upande wa kusini
na jua limetoa ukucha mmoja juu ya mlima, likauondoa.
Nilikuinua dirishani. Tazama, nikasema, ndilo hilo.

Ukapiga mwayo.
Ukaamka saa nane usiku, kama jana,
ukanililia kwa nguvu zote za adhuhuri.