Hesabu ya Tuta

Micheweni ardhi ni jiwe; udongo hununuliwa.
Nikapanga mawe nyuma ya jiko,
nikapima kwa mkono wangu:
urefu shubiri nane, upana nne, kina moja.

Raya akacheka. "Shubiri ya nani, mama?"
Akaleta rula ya skuli, akapiga magoti,
akazidisha kwa kipande cha mkaa ukutani,
akabeba moja, akaisahau, akafuta kwa kiganja:
"Madumu ishirini, kasoro tone."

Faki akaleta ishirini kwa gari la ng'ombe kutoka Konde,
udongo mwekundu, vijizizi vya mikarafuu vingali ndani.
Tuta likajaa hadi mdomoni.
Nikatia mbegu za mchicha.

Ikanyesha usiku kucha.
Asubuhi tuta limebonyea
kama shavu lililokosa meno.
Jiwe la huku lina matundu, lina tumbo;
limetangulia kula, bila hata bismillahi.

Raya kasimama mbele ya ukuta
anatafuta kosa kwenye tarakimu.
"Hesabu yako sawa," nikamwambia.
"Mlaji ndiye hatukumhesabu."

Faki anauliza: niongeze mangapi?
Nikachovya mkono tutani,
ukazama hadi kwenye bangili.
"Sita," nikasema. "Halafu tutaona."