Stelingi Hafi

Kibanda umiza cha Lushinge, pale Mabatini,
kilikuwa na mabenchi sita, feni moja bovu,
na umeme uliozoea kukatika
dakika kumi kabla ya mwisho.
Stelingi kaning'inia ghorofani kwa vidole viwili,
giza.
Lushinge harudishi hela.
"Si mnajua," anasema, "stelingi hafi.
Nendeni mkalale."

Nani alale?
Tulipanda mawe kwa kupapasa kuelekea makwetu
na Nyanzobe, mdogo kuliko wote, ndiye aliyetumalizia:
stelingi anachoka, anaachia,
anaangukia kwenye tenga la dagaa,
na mwenye dagaa anataka alipwe leo leo.
Tulicheka mpaka mama Makubi akafungua dirisha
na kutumwagia maji ya vyombo.

Sasa Nyanzobe ana miaka ishirini na tisa,
kompyuta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na chumba mwambani Igogo,
ukidondosha chungwa mlangoni
utaliokota kwa jirani wa tatu.
Anachora vibonzo vinavyotembea.
Anazichukua picha zile kubwa kubwa, za Wazungu, za Wahindi,
anazikata mkia,
anaziotesha mwingine.

Mimi ni sauti zake. Mimi ni jambazi,
mimi ni bibi harusi, mimi ni farasi.
Tunarekodi chini ya blanketi usiku wa manane
tukimlaani jogoo wa jirani asiyejua saa.

Ile ya magari kufukuzana: stelingi keshashinda,
mdomo umeshakaribia mdomo, muziki unapanda,
anatokea mama wa nyanya
aliyepinduliwa meza tangu dakika ya kumi na nne,
daftari mkononi:
"Sado tatu, na mwavuli. Busu baadaye."

Ile ya viumbe wa sayari nyingine:
wanashuka kuiteka dunia, wanatua stendi ya Buzuruga,
wapiga debe wanagombania mabegi yao,
mmoja kapakiwa gari la Geita, mwingine la Shinyanga,
mkuu wao kakatiwa tiketi ya jana.
Vita imekwisha.

Watu laki mbili waliitazama, toka Lindi hadi Muskati,
wakanogewa, wakaanza kuagiza.
Chora ile ya meli, dada.
Ile ya meli, tuvunjike mbavu.

Miezi minne Nyanzobe hakujibu.
Kwao hawaangalii picha ya meli.
Kwa mama yake meli haielei wala haizami,
haitajwi.
Mwaka ule Nyanzobe alikuwa tumboni
na baba yake alikuwa amefuata ndizi ng'ambo.

Halafu usiku mmoja akaniita, akafungua michoro.
Nikangoja kichekesho. Nikalingoja tenga la dagaa.
Halikuja.
Meli inaingia asubuhi,
inalipita lile jiwe lililokaa juu ya mawe kama limesahauliwa,
taa zake bado zinawaka ingawa jua limetoka.
Kamba inatupwa. Ubao unashushwa.
Kisha dakika nne nzima
watu wanateremka tu:
mikungu ya ndizi, godoro lililoviringishwa,
wanafunzi na masanduku ya bati,
kuku kichwa chini, anashangaa ziwa lilivyopinduka,
mtoto anayepiga miayo begani kwa mtu,
na mwanamume mwenye shati la kaki.
Sura hakumchora.
Picha waliyonayo nyumbani ilipigwa kwa mbali.
Anasimama gatini na mikungu yake miwili,
anabishana na kuli.

Kuli ni mimi.
Nikajifunika blanketi, nikakohoa, nikasema:
"Mzee, mzigo huu elfu tatu."

Nyanzobe akasimamisha kila kitu.
"Mia tano," akasema. "Sema mia tano.
Na usimwite mzee."